Kambi Namba Nne

Seremala mzee alilipa ili alale katika msitu alioupanda kwa mikono yake mwenyewe, na alilipa bei ya wikiendi, ambayo ni kali kuliko ya siku za kazi. Usimcheke bado. Msitu haukuwa wake tena. Aliusainia mwaka uliopita akiwa kitandani hospitalini, nyonga imevunjika, dawa za maumivu zimemlegeza, na mwanawe wa pekee amemsimamia na karatasi. "Weka sahihi hapa, Baba, tusije tukasumbuliwa huko mbele," kijana alimwambia, na baba akaweka. Kijana mwenyewe nyumbani walimwita Meneja tangu ana miaka sita, kwa jinsi alivyopenda kuwagawia wenzake kazi halafu yeye akakaa kivulini. Walidhani ni utani.

Mke wa mzee alikuwa humo msituni. Alifariki mwaka mmoja kabla ya ile nyonga, na mahali pa kuzikwa alipachagua mwenyewe: kipande cha tambarare katikati ya mteremko, hatua tisa kutoka msonobari wa tatu wa ule mstari wa kwanza walioupanda wakiwa bado wachumba. "Wewe utalala kulia kwangu," alimwambia mumewe siku zake za mwisho, hoi lakini maneno bado anayo. "Upande wa kushoto unakoroma zaidi." Wakapatana hivyo. Mzee hakuwa na jingine alilolitaka duniani: kulifikia kaburi la mkewe, na kuhakikisha kwamba ile nafasi ya kulia ipo na inamngoja.

Tangu atoke hospitalini alikuwa akiishi mjini, chumba cha uani kwa shemeji yake, na kila alipomwomba Meneja, ambaye sasa aliukodisha msitu kwa wageni wa mahema, ampeleke huko, alipata jibu. Wikiendi hii pamejaa, Baba. Siku za kazi tunasafisha. Mvua imeharibu barabara. Nyonga yako haijawa tayari. Miezi minane ikapita hivyo. Mtu mwingine angeshtuka mapema, lakini huyu alikuwa baba, na akina baba wana upofu wao ambao hauna miwani.

Isitoshe, Meneja alikuwa amempa kazi. Alitaka majukwaa sita ya mbao ya kusimamishia mahema, wageni wasilale kwenye unyevu. Malipo hayakutajwa, maana hayo yalikuwa mambo ya nyumbani. Mzee aliifanya kazi ile kwa moyo wote: gundi, viungo vya kuchomekana, vigingi vya mbao ngumu, hakuna msumari hata mmoja wa kushika kutu. Jukwaa la nne lilikuwa na vipimo vyake peke yake. Upana uongezwe futi mbili, miguu ya pembeni iwe mirefu, miguu ya kati isiwepo kabisa.

"Pana kituta pale," Meneja alieleza kwenye simu.

"Kituta cha kiasi gani?"

"Chini ya goti kidogo. Urefu futi saba, upana tatu na nusu."

Mzee akachora, akafuta, akachora tena, akaongeza boriti mbili chini ili mbao zisibonyee. Alijisifu mpaka kwa shemeji yake kwamba juu ya jukwaa lile hata tembo angecheza. Lori likaja kuyachukua yote sita yakiwa mazima.

Shemeji huyo, mdogo wa kike wa marehemu mkewe, alikuwa keshia wa duka la dawa kabla ya kustaafu, na ulimi wake ulikuwa haujastaafu. Siku moja alimkuta mzee amekaa barazani, simu mkononi, uso umemshuka.

"Umeambiwa pamejaa tena?"

"Pamejaa, shemeji."

"Watu baki wanaingia, mwenye kupanda miti haingii. Hebu toa pesa za lile kabati uliloliuza. Kama huingii kama baba, utaingia kama mteja."

Shemeji akavaa miwani, akafungua simu yake. Tangazo la msitu lilikuwa zuri kweli, na picha kibao. Kila hema na bei yake, kuni kando, maji ya moto kando, mbwa kando. Kelele marufuku. Kupigilia misumari kwenye miti marufuku. Kambi namba nne ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote: tambarare pekee msituni, tulivu mno, jua la asubuhi. Wageni waliolala hapo walikuwa wameimwagia nyota tano tano, na mmoja aliandika kwamba alilala usingizi wa pono, atarudi na wenzake.

Mzee alisogeza simu karibu na jicho. Nyuma ya hema la kwenye picha aliiona misonobari yake mitatu.

"Ndipo hapo," alisema. "Kaburi liko hapo karibu, hatua chache tu. Lipia hiyo hiyo."

Shemeji alilipia kwa jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho. Meneja alikuwa amemjua kwa miaka thelathini na minane na hakuwahi kujiuliza anaitwa nani. Kwake alikuwa Mama Mdogo, basi. Hazikupita dakika tano jibu likaingia: "Karibu sana mgeni wetu! Msitu ni wako." Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee hakucheka.

Walifika Jumamosi mchana kwa gari la kukodi. Namba za kufungulia kufuli la langoni walikuwa wametumiwa, mishale ya rangi nyeupe ikawaelekeza, na mzee akapanda na fimbo yake polepole, akiisalimia miti kwa kuigusa mmoja mmoja. Waliipanda ikiwa haifiki magotini. Sasa ilibidi ainue kidevu ili aone ilipoishia.

Walipoliona jukwaa la nne, mzee kwanza alifurahi. Huo ndio ubaya wake. Alipapasa kingo, akalikanyaga, likanyamaza kimya kama sakafu ya saruji, na akamwangalia shemeji yake kwa majivuno. Kisha akaanza kulitafuta kaburi.

Alisimama kwenye msonobari wa tatu akahesabu hatua. Alipofika ya saba, fimbo iligonga ubao. Akadhani nyonga imemharibia mwendo, akarudi, akahesabu upya kwa kutanua miguu mpaka maumivu yakamkunja uso. Safari hii aligonga ubao kwenye hatua ya sita.

Shemeji alikuwa ameshainama upande wa pili. Alipoinuka hakuwa yule wa siku zote.

"Usiangalie," alimwambia. "Nakuomba, shemeji, usiinamie hapo."

Mzee alilala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya jukwaa kama makanika chini ya gari. Kituta kilikuwa pale. Mawe meupe aliyoyapanga kwa mkono wake siku ya maziko yalikuwa pale, yote, katika mstari wake. Katikati ya mawe palikuwa na vizibo vya chupa, uma wa plastiki na soksi ya mtoto. Miguu ya jukwaa ilikaa huku na huku na haikugusa hata jiwe moja. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Mwanawe alilipima kaburi la mama yake kwa futikamba, akamsomea baba yake kwenye simu, na baba akaandika kwa penseli, akashukuru kupewa kazi.

Alikuwa bado analia humo chini aliposikia sauti ya Meneja.

"Karibuni, karibuni, namba tano ni hapo mbele kidogo..."

Meneja alikuwa amebeba mafungu mawili ya kuni, nyuma yake mume na mke na mtoto amelazwa begani. Mzee akatambaa akatoka, ndevu zimejaa vumbi na majani makavu. Baba na mwana wakatazamana.

"Kuna tatizo na jukwaa?" yule mgeni wa kiume aliuliza.

"Hapana, hapana," Meneja alisema, na jicho halikumpepesa. "Huyu ni fundi wetu. Anakagua tu."

"Yanapendeza sana haya," mke wa mgeni alisema. "Kazi nzuri, fundi!"

"Asante," mzee alisema. Ndilo lililomtoka. Mdomo una mazoea yake, hauulizi moyo.

Meneja aliwafikisha wageni kwao, kama hatua thelathini, kisha akarudi mbio mbio na fungu moja la kuni kwapani, tabasamu ameshaliweka mfukoni.

"Mama Mdogo, kabla hujasema lolote, tuongee kwa adabu. Kuna wateja."

"Adabu!" Shemeji alimsogelea. "Umemlaza mama yako chini ya vitanda vya watu, halafu unaniambia adabu? Mwanaharamu wewe!"

"Mama sijamgusa. Jiwe hata moja sijalisogeza. Nimemfunika tu."

"Litoe," mzee alisema.

"Baba, wikiendi zote mpaka mwisho wa mwaka zimelipiwa. Msitu mzima ni mteremko, tambarare ni hapa tu, wewe mwenyewe unajua. Hicho chuma ulichowekewa nyongani, deni lake nalilipa kwa pesa gani? Kwa za namba nne. Mimi naona Mama anakuuguza. Angekuwa hai angekubali."

Kilichouma zaidi ni kwamba huenda angekubali kweli. Mzee alimjua mkewe. Angelala chini ya chochote mradi yeye atembee. Akamuuliza mwanawe jambo moja tu.

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Mama yako tulipatana. Mimi ni kulia kwake."

Meneja alitazama kulia, na mzee akatazama anakotazama. Palikuwa pamechimbwa shimo la kuotea moto. Mawe meusi yamelizunguka, jivu limejaa, wavu wa kuchomea nyama umelala juu yake, bado na mafuta.

"Nitakutafutia pengine, Baba," Meneja alisema, na sauti ililainika kweli, maana alidhani anatenda wema. "Karibu na lango kuna pazuri. Mpaka gari linafika."

Shemeji alimzaba kofi. Meneja alijishika shavu, akageuka haraka kutazama namba tano kama wameona. Hawakuona. Akashusha pumzi.

"Nitawarudishia nusu ya pesa," alisema. "Ukighairi siku yenyewe ya kufika ni nusu, ndiyo sheria ya mtandao, sikuiweka mimi."

"Sitaki pesa," mzee alisema. "Nimelipia mpaka kesho saa nne asubuhi."

"Basi kaeni. Ila kitu kikiharibika mtalipia, kama mgeni mwingine yeyote." Akaliweka lile fungu la kuni chini, kwa kuwa walikuwa wamelilipia, akaondoka.

Mzee hakusubiri hata vishindo vya miguu yake viishe. Alipiga magoti, akaanza kulibomoa jukwaa. Alilijua kila kiungo, lakini ndiyo kwanza akakumbuka kwamba hakuacha skrubu ya kufungua, wala msumari wa kung'oa. Alilitengeneza lisifunguke. Akachukua jiwe kwenye shimo la moto akagonga kigingi cha kwanza, kikang'ang'ania. Akagonga boriti. Shemeji naye akachukua jiwe upande wa pili, wakagonga wawili, wazee wenye jumla ya miaka mia moja na arobaini, mpaka viganja vikachubuka. Ubao hata mmoja haukutikisika.

"Samahani, fundi." Alikuwa mke wa mgeni, amekuja kwa kunyatia. "Utachukua muda? Mtoto ndiyo kwanza amelala."

Shemeji alifungua mdomo. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Namalizia, mama," alisema, akaliweka jiwe chini taratibu, lisitoe sauti.

Mgeni akashukuru, akarudi kwao. Mzee alipanda juu ya jukwaa kwa shida, akalala kifudifudi upande wa kulia. Kati ya ubao na ubao alikuwa ameacha nafasi ya kidole kimoja, ili maji ya mvua yapite. Akapitisha kidole cha shahada mpaka kikagota kwenye kifundo, akakinyoosha chini kwa nguvu zake zote, kuelekea kwenye kituta.

Hakikufika.