Waliohudhuria Kikao

Chai ilikataa kuchemka. Jiko lilikuwa linaishiwa mafuta na moto ulikuwa wa kubembeleza. Mjane aliuinamia akiulaani chini kwa chini, huku kikao cha wakurugenzi kikiendelea chumba cha pili bila yeye. Na yeye mwenyewe ni mkurugenzi! Ndivyo walivyozoea tangu mumewe afariki: kikao kikishafunguliwa, shemeji yake, mwenyekiti, husugua viganja na kusema, "Shemeji, bila chai yako hapa mambo hayaendi." Naye hucheka, akainuka. Ujinga ule, jamani, aliuita heshima.

Leo alikuwa na neno. Mafundi wa karakana walikuwa wamesikia fununu kwamba cherehani zinauzwa, naye aliwaapia: hamtoki hapa nami nikiwa hai.

Aliporudi na sinia, shemeji alikuwa anafunika kalamu. Binti wa mjane mwenyewe, katibu wa kampuni na mkurugenzi wa tatu, aliyesomeshwa kwa sare zilizoshonwa humu humu, hakuinua macho.

"Mbona mnakusanya vitu?"

"Tumemaliza, shemeji. Karakana tunaikodisha iwe ghala. Kushona hakulipi siku hizi."

"Ghala la nani?"

"Langu. Si bora kodi ibaki nyumbani?"

Alilitua sinia kwa kishindo, chai ikamwagika. "Yaani unajikodishia mwenyewe, unajipangia bei mwenyewe, unajipigia kura mwenyewe?"

"Sikuwa peke yangu. Wawili kati ya watatu tumeafiki. Na akidi ilitimia, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa jikoni!"

"Kwani jikoni ni nchi nyingine?" Shemeji alicheka, akajivutia kikombe. "Sukari umetia?"

Mjane alimgeukia binti yake. "Wawili? Na wewe?"

"Mama, ulisaini mahudhurio mwenyewe ulipoingia." Alikuwa anaongea na meza. "Baba mkubwa ananipa umeneja wa ghala. Ulitaka nizeekee kwenye vitambaa kama wewe? Basi mama, usinitie aibu."

Ilimuuma mpaka mifupani. Huyu alimlea mgongoni, mguu ukiwa kwenye cherehani. Angekuwa mtu baki angemvaa palepale. Damu yako utaifanyaje?

Shemeji hakungoja amalize kumeza uchungu wake. Alifungua mlango wa karakana, akapiga makofi, mashine zikanyamaza.

"Mafundi, bodi imekaa. Leo ndiyo siku yenu ya mwisho. Msije mkasema nimewaonea, wakurugenzi wote walihudhuria. Mama yenu huyu hapa."

"Sikukubali!" alipiga kelele mjane. "Wallahi sikukubali!"

"Ulikuwemo ndani, hukuwemo?" aliuliza fundi mkongwe, aliyeanza naye kazi karakana ikiwa ni kibaraza.

"Nilikuwemo, lakini..."

"Basi."

Fundi mkongwe alivua aproni yake, akaikunja vizuri kama mtu anayekabidhi mzigo wa mteja, akamwekea mikononi. "Asante, Mama. Kumbe muda wote ulikuwa unatushonea sanda."

Wa pili naye akavua. Wa tatu hakukunja, aliitupia tu juu. Walipanga foleni bila kuambiwa, kila mmoja akipita anamtwika ya kwake, wala hakuna aliyemtazama usoni. Mjane alisimama na mikono mbele, akiita majina yao mmoja mmoja, mpaka rundo likampita kidevu, likamziba mdomo.