Saluni ya Viti Vinne

Kiguu na Njia alikuwa amebakiwa na siku moja tu ya safari yake, na siku hiyo aliamka akajikuta hana nguo. Zote, kuanzia suruali hadi soksi, zilikuwa zinachuruzika maji kwenye kamba ya varanda ya shangazi yake, ghorofa ya tatu. Viatu vilikuwa vimelowekwa kwenye ndoo. Hata begi la mgongoni, lililolala naye miezi mitatu katika nyumba za wageni za kila namna, lilikuwa limegeuzwa nje ndani na kusuguliwa kwa brashi.

Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa baba, kwa kuwa tangu alipojua kutembea hakujua kutulia. Sasa alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, na mji huu wa mwisho alikuwa ameuweka kiporo kwa makusudi, maana ndiko alikokuwa akiishi shangazi yake, aliyeondoka nyumbani miaka kumi na mmoja iliyopita na hajarudi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi lingemrudisha kwao. Leo alitaka mambo mawili tu: autembee mji mpaka nyayo ziwake moto, na aione saluni ya shangazi.

Saluni hiyo huko kwao hakuna asiyeijua. Shangazi aliisimulia kwa simu kila mwezi: iko karibu na stesheni, ina viti vinne, kioo cha ukuta mzima, na wasaidizi wawili ambao mmoja wao ni mvivu wa kupindukia. Bibi aliwasimulia majirani, akatia chumvi yake kidogo, na alipomuaga mjukuu wake alimwambia asirudi bila kuiona kwa macho yake mwenyewe.

"Mwanangu, ulikuwa unanuka barabara," shangazi alimwambia huku akimmiminia chai. "Ungetokaje mbele za watu?"

Akaahidi kwamba hadi saa sita vitu vyote vitakuwa vimekauka. Kwa sasa alimpa gauni lake, pana la kuwatosha watu wawili na jirani yao. Viatu vya shangazi havikumwingia hata vidoleni, na ndara pekee za nyumba hiyo zilikuwa miguuni mwa shangazi mwenyewe. Basi akasimama varandani. Kutoka pale aliona kipande cha mji: paa za bati, fundi cherehani akivuta cherehani yake kibarazani, na kona ambayo kila mtu aliikata akapotea. Honi zilisikika nyuma ya kona hiyo. Mji wote ulikuwa huko, naye alikuwa juu, amevaa hema la maua.

Jua lilikuwa kali. Saa sita aliingia kuoga, na alipotoka nguo zilikuwa zinachuruzika upya. Shangazi akasema njiwa walizichafua, ikabidi azisuuze. Na saluni je? Saluni leo imefungwa. Baadaye kidogo ikawa haikufungwa, bali inapakwa rangi. Baada ya chakula, msaidizi mwenye ufunguo alikuwa mgonjwa. Sababu tatu, na hakuna iliyokuwa ikimjua mwenzake.

Kiguu na Njia alikasirika, na hasira za mgeni ni mbaya kwa sababu hazina pa kwenda. Alizunguka chumba kile hatua sita kwenda, sita kurudi, akimlaani njiwa asiyemjua. Mwishowe akaamua kuikamua suruali yake kwa taulo kavu aivae hivyo hivyo. Akafungua kabati.

Taulo zilikuwa zimekunjwa mara tatu, na ncha ya kila moja imechomekwa ndani kama bahasha. Mkunjo huo aliujua. Alikuwa ameukuta juu ya vitanda visivyopungua thelathini, katika kila nyumba ya wageni aliyolala, na hakuwahi kuuona katika nyumba ya mtu. Akageuka, akaitazama mikono ya shangazi. Ilikuwa imesinyaa na kupauka hadi kwenye viwiko, kama ya mtu anayeshinda majini.

"Shangazi, unafulia nyumba ya wageni gani?"

Shangazi aliketi kitandani. Hakubisha. Alieleza kwamba saluni ilikuwepo kweli, yenye viti vinne kweli, ila yeye alikuwa mfagiaji tu, na ilifungwa kabla hajamaliza miezi miwili. Tangu hapo amekuwa akifua mashuka chini ya jengo moja lenye vyumba themanini, na leo ameomba ruhusa ili akae na mgeni wake.

"Mama alifurahi mno siku ile ya kwanza. Nikasema mwezi ujao nitamwambia ukweli. Kila mwezi nikasema mwezi ujao," alisema. "Nitarudije nyumbani? Nikirudi wataniuliza."

Hasira zilimtoka Kiguu na Njia, huruma ikamjaa. Alisema saluni isiwaumize kichwa, waende zao wakatembee. Shangazi akainuka, akaikamua suruali kwa mikono yake ya kazi, akaipiga pasi, na dakika kumi baadaye ilikuwa kavu. Angeweza kufanya hivyo tangu asubuhi, nao wote wawili walilijua hilo.

Simu ikaita kabla hawajafika mlangoni. Alikuwa bibi, na shangazi aliweka sauti ya nje kama kawaida yake.

"Kiguu na Njia, umeiona?"

Shangazi aliinamisha kichwa. Neno moja lingetosha, na miaka kumi na mmoja ingekwisha hapo hapo.

"Nimeiona, bibi."

"Viti?"

"Vinne. Na kioo ni cha ukuta mzima." Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, akajikuta anaendelea. "Yule mvivu nimemkuta anasinzia."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwamba maneno ya simu hakuwahi kuyaamini sana, ila macho ya mjukuu wake anayaamini, na alikuwa akiyasubiri hayo tu. Mdogo wake Kiguu na Njia alikuwa ameacha kazi jana. Wiki ijayo anakuja kwa shangazi kujifunza kazi, kiti kimoja awe anakisimamia yeye.

"Ukifika tu, mpe begi lako," bibi alisema, akakata simu.

Shangazi alikuwa bado ameshika kitasa cha mlango. Alisema kwa sauti ndogo kwamba bibi apigiwe sasa hivi, aambiwe ukweli. Kiguu na Njia aliitafuta namba ya bibi, akaitazama kwa muda mrefu, akakaa kitandani na viatu vyake vibichi miguuni.

"Nitamwambia nikifika," alisema.

Shangazi alimtazama, akakiachia kitasa, akaja kuketi kando yake.