Mlango wa Pindo

Dada alifungua milango miwili ya Pindo, duka lake la ushonaji, akafagia kizingiti, kisha akazunguka ubavuni, akapanda juu ya ndoo na kuingia dirishani. Alipofika ndani alipangusa cherehani na kuchomeka pasi. Mdogo wake alikuwa akimtazama kutoka ofisini kwake, ghorofani ng'ambo ya barabara. Akaja mama mmoja na suruali ya shule mkononi, akapiga hodi, akaingia mlangoni, na ndani hakufika.

Alitokea upande wa pili wa jiji, kwenye duka kubwa la nguo zilizo tayari, penye ubaridi na vioo vya urefu wa mtu. Bei zilimshtua kidogo, safari haikumshtua. Alinunua suruali mpya akarudi kwa basi.

Mdogo mtu alijua sababu. Kazi yake ni majina ya tovuti. Mwenye biashara akija, humchagulia jina fupi, lisilo na vistari wala tarakimu, ambalo mtu akilisikia redioni analiandika bila kuuliza mara mbili. Huliandikisha kwa jina la mwenye biashara, na hulilipia kila mwaka lisije likadakwa na wajanja. Kwa wateja hana mchezo. Lakini jina la Pindo, la dada yake aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani ileile, aliliandikisha kuwa mali yake yeye. Ya nini kusumbuana, ndugu na ndugu?

Duka kubwa lilipolitaka jina, lilimpigia yeye simu. Akaliuza. Alijiambia kwamba dada hata haifungui hiyo tovuti, atajulia wapi? Akanunua kiyoyozi na kiti cha kuzunguka. Tangu jina lilipohama, kila aingiaye kwa mlango wa Pindo hutokea kule.

Mtaa ulizoea upesi.

"Mlango wa dada yako siku hizi unapeleka mbali," fundi viatu alimwambia pale chini.

"Umeharibika?"

"Uharibike wapi! Uko safi kabisa. Binti yangu kaajiriwa kule, kila asubuhi anapitia hapo. Nauli tumeisahau."

Wateja wachache wa zamani walikuwa wakimpokeza dada nguo dirishani. Lakini kumpima mtu kiuno dirishani, mbele ya wapita njia, si jambo la heshima, nao wakakata mguu mmoja mmoja. Dada alibaki akipiga pasi vitambaa vilivyokwisha kunyooka.

Roho ilimsuta mdogo mtu. Siku moja alijikaza, akavuka barabara mbio kabla moyo haujageuka, na kwa haraka ile akaingia mlangoni.

"Nimekukosea," alisema, macho chini. "Nimeuza jina lako. Nisamehe."

"Hamna neno, kaka," alijibu msichana wa mauzo. "Unavaa saizi gani?"

Kwa kuwa alikwisha kufika, aliomba kumwona meneja, akamsihi amrudishie jina.

"Jina tamu kama lile?" meneja alicheka. "Wee! Watu wanamiminika mpaka tunashindwa. Hatuuzi."

Njiani kurudi, ndani ya basi, alijaribu kuyasema tena yale maneno ya kuomba msamaha. Yalikuwa yamekwisha.

Kesho yake alimpelekea dada stuli imara badala ya ndoo.

"Mungu akuzidishie, mdogo wangu," dada alisema, goti moja likiwa tayari dirishani. "Biashara imekufa, lakini angalau jina langu lipo. Si unalitunza?"

"Nalitunza, dada."

"Ningekuwa na nani mimi bila wewe? Haya, shika vizuri, nisije nikaanguka ukanicheka."

Akaishika stuli kwa mikono miwili. Dada alipotua ndani, hodi ilipigwa mlangoni.

"Karibu! Karibu ndani!" aliitikia kwa furaha, akaweka futi shingoni, akageukia mlango na kungoja.

Mdogo mtu aliirudisha stuli ukutani, akavuka barabara, akapanda ofisini na kuwasha kiyoyozi. Dada alikuwa bado amesimama, anautazama mlango.