Kero Thelathini na Nane za Mtaro Mmoja

Mwezi mzima jukwaa la wananchi lilikuwa kwenye simu zetu. Unaandika kero, unaipa kura yako, au unaifuta na kumpa kura mwenzako. Kero kumi zenye kura nyingi zinaingia kwenye kazi za mwaka. Kura zilikuwa zinafungwa Alhamisi saa kumi jioni, na asubuhi ya siku hiyo mtaro wetu, unaomwaga maji machafu chumbani kwa dada yangu mshonaji kila mvua ikinyesha, haukuwa hata kwenye hamsini za kwanza. Ya kumi ilikuwa kero ya viti vya bustani, kura ishirini na tisa. Viti!

Mtaa mzima tulikuwa tumeandika. Niliwapitia mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Sasa kura zimekwenda wapi?

Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la sita, lakini kanuni za halmashauri nimezisoma mpaka zikachanika. Niliingia ofisi ya kata ulimi nimeshaunoa.

"Binti, nionyeshe anayekula kura zetu."

Karani hakukasirika. Alinigeuzia kompyuta. "Kaa, mzee. Hata mimi nashangaa." Akaandika neno mtaro. Zikashuka kero thelathini na nane, kila moja na kura moja, ya mwenyewe. "Mbona hamuungani mkono? Mmegombana huko?"

Miaka kumi na tisa nyuma tulikusanya saini mia na mbili za mtaro huuhuu kwenye karatasi moja, tukampa jirani yetu tunayemwita Mjumbe aipeleke halmashauri. Mjumbe alirudi na kazi ya kulinda geti la soko. Karatasi haikuonekana tena. Tangu hapo nawaambia watu: jina lako usiliweke chini ya jina la mtu, andika yako. Kumbe walinisikia vizuri mno.

"Basi wafute zao, waunge mkono yangu."

"Yako haina picha, mzee. Isiyo na picha haiingii kwenye kumi. Yenye picha ni hii tu."

Nikasogeza miwani. Mlango wa dada yangu, alama ya maji ukutani, na futi yake ya kupimia nguo imening'inizwa kuonyesha kina. Imeandikwa siku ya kwanza ya jukwaa. Mwandishi: Mjumbe.

Nilimkuta dada anashona, cherehani imepandishwa juu ya matofali.

"Ulimpa futi?"

"Aliomba, nikampa. Ningekwambia si ungepasuka?"

"Mtu aliyetuuza."

"Kaka, unataka mtaro au unataka Mjumbe aombe radhi?"

"Vyote viwili."

"Saa hizi ni saa sita. Anza na mtaro."

Nikaanza nyumba kwa nyumba, nikisema kinyume cha nilichosema miaka kumi na tisa. Muuza mkaa alinitazama kama nimelewa. "Leo ni wewe unayenituma kwa Mjumbe? Ngoja nikae kwanza." Alicheka mpaka akakohoa, kisha akafuta yake, akabofya. Kinyozi aliniomba nirudie mbele ya wateja. Nikarudia. Wengine walikuwa kazini, simu zinaita tu.

Saa kumi kasorobo, nikiwa kibarazani kwa dada, mtaro ulikuwa na kura ishirini na tisa. Viti, ishirini na tisa.

"Nani bado?" dada aliuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa.

Alijua. Nilifungua kero yangu, ile niliyoiandika kwa aya nne na vifungu vya kanuni. Nikaifuta. Nikaifungua ya Mjumbe. Picha ile tena, futi imenyooka kabisa. Lazima alipiga magoti kwenye maji yale kuishika. Kwa nini? Nikabofya. Thelathini.

Saa kumi ikapita. Viti havikusogea.

Nikavaa viatu, nikashika njia ya soko, getini kwa Mjumbe. Swali moja nimelibeba miaka kumi na tisa: karatasi yetu uliiacha wapi. Njiani likazaliwa la pili, kwa nini ulipiga magoti kwenye maji yale, na sikujua nitaanza na lipi.