Aliyepewa Gitaa la Rizimu

Kipindi changu ni cha Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata mkuu wa shule husinzia ofisini. Walimu wenzangu wanakiita kipindi cha kupumzisha akili. Siwajibu, asiyejua maana haambiwi maana.

Nafundisha wanafunzi wa sekondari kusikiliza muziki. Si kuimba wala kupiga, ni kusikiliza tu. Na nina sharti moja: kila mtu achague chombo kimoja, akifuate tangu mwanzo hadi mwisho bila kurukia vingine, kisha asimame atuambie kimefanya nini.

Ijumaa ile niliwaletea wimbo wa bendi ya marehemu mume wangu. Sikuwaambia ni wa nani. Yeye alikuwa mpiga gitaa la rizimu, lile la nyuma linalochapa mpigo uleule mpaka wimbo uishe. Mwaka mzima tangu tumzike, watu wananisifia mwimbaji wao na tarumbeta lao, yeye hakuna anayemtaja. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kumweleza mtu. Mimi mwenyewe tangu msiba sikuwa nimethubutu kuusikiliza wimbo ule. Nilitaka mtu mmoja tu, asiyenionea huruma, amsikilize mume wangu mpaka mwisho.

Wakagombania tarumbeta, kama kawaida yao. Wasichana wa mbele wote wakamchukua mwimbaji. Besi na ngoma nazo zikapata wenyewe.

"Na wewe, Baadaye?" nikamwuliza mvivu wa dawati la mwisho. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa kila kazi ataifanya baadaye.

"Nipe kilichobaki, mwalimu."

"Limebaki gitaa la rizimu."

"Basi hilohilo. Si linarudia kitu kimoja? Halitanichosha."

Darasa likacheka. Nilipandwa na hasira zisizo na kiasi, nikawasha spika.

Wimbo ulipoisha, wa tarumbeta walisema weee, mpaka nikawakalisha. Kisha Baadaye akasimama.

"Mwalimu, huyu mtu ana shida."

"Shida gani?"

"Mwanzoni yuko sawa. Katikati anaanza kuruka mipigo. Anaruka, anarudi, anaruka tena. Kile kipande cha mwisho, tarumbeta linapopanda, hayupo kabisa." Akajikuna kichwa. "Siyo kwamba hajui, mwalimu. Ni kama mkono umemkatalia."

Wenzake wakacheka, wakidhani anatafuta pa kutokea. Mimi nikaurudisha wimbo mwanzo, safari hii nikilifuata sharti langu mwenyewe. Nikamsikia mume wangu akichoka, akijikaza, akiachia.

Ugonjwa uliomuua ulianzia mkono wa kulia. Mimi niliujua siku kikombe cha chai kilipomponyoka mezani. Wimbo huu waliurekodi miezi mingi kabla ya siku hiyo.

Nikawaruhusu watoke kabla ya kengele, kisha nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa mpiga ngoma katika bendi hiyohiyo.

"Shemeji, mlijua kwamba mkono ulikuwa unamsumbua?"

"Tulijua. Tulitaka kurekodi upya, akakataa katakata. Na akatukanya tusikuambie."

"Kwa nini, shemeji? Mimi si mkewe?"

"Alishindwa kukutamkia. Alisema, 'Mke wangu kazi yake ni kusikiliza. Nikimwekea huu, atajua mwenyewe.'"

Na kweli aliniwekea. Ilikuwa jioni ileile waliyotoka studio. Tulikaa sebuleni, yeye kando yangu, akinitazama usoni mpaka wimbo ukaisha. Akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia tarumbeta limenikosha moyo. Akauweka tena, akaniuliza tena, nami nikalisifu tarumbeta tena. Hakuuliza mara ya tatu.