Tanki la Lita Mia Tano

Zulmira alikuwa akichambua akari kwenye banda la mnunuzi wa samaki wa mapambo pale mjini Altamira, akiwapindua kiganjani mmoja mmoja. Akari ni kambare wa mawe, midomo yao iko chini, na wakiwa wachanga asiyewajua huwaona wote sawa. Zulmira aliwajua. Mwenye mshono wa njano mkiani hakui kupita shubiri, tanki la sebuleni linamtosha. Mwenye miiba ubavuni na mapezi mekundu hurefuka karibu mkono mzima, na tanki hilo ndilo jeneza lake.

"Wachanganye tu, Dona Zulmira," mnunuzi alimwambia. "Mteja yuko ng'ambo huko, atajuaje?"

"Samaki atajua."

Akawatenga wekundu. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amemdanganya mtu kuhusu kipimo. Aliyemfundisha ni baba yake, Seu Anacleto, mpiga mbizi wa mto Xingu.

Baba mwenyewe alikuwa nyumbani, ndani ya tanki la maji. Bwawa la umeme lilipomeza kisiwa chao cha mtoni, walihamishiwa kwenye nyumba za zege zilizopangwa safu, kila moja na vyumba viwili na tanki la buluu, mwendo wa saa mbili kutoka mtoni. Mwezi wa kwanza mzee alilalamika ngozi inawasha. Wa pili akakataa hata unga wa muhogo. Wa tatu akaingia tankini, akaganda ukutani kwa mdomo. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alimwamkia, akachukua chumvi yake, akaenda zake.

Jioni ile Zulmira alimpindua baba yake. Miiba ubavuni. Begani, wekundu ulishaanza kujitokeza.

Kumrudisha mtoni kusingefaa. Upande wa juu wa ukuta wa bwawa maji yamesimama na tope lake. Upande wa chini mto umekauka, mawe yameanikwa juani. Akari wa aina hiyo anataka maji yanayokimbia.

Afisa wa makazi alikuja na futi yake, akapima tanki.

"Hili linatosha watu sita, mama. Mzee ni mmoja."

"Bado anakua."

"Fomu haina sehemu ya kukua," alisema kwa upole, akatia sahihi, akaomba maji ya kunywa. Zulmira akamchotea ya mtungini.

Alipoondoka, mzee aliachia ukuta akainua kichwa.

"Wewe ndiye mjuzi, mwanangu. Nitatosha humu?"

Zulmira aliutazama mkia. Ulikuwa umeshajikunja kufuata duara la tanki.

"Utatosha, Baba."

Mzee ndiye aliyemfundisha kupima.

"Haya, mama," alisema, akaganda tena ukutani, upande ulioelekea mtoni.

Zulmira alilia pale pale, machozi yakadondokea majini. Kisha akarudisha kifuniko, akaacha upenyo wa hewa.