Mto Aliougundua Gavana

Huku kwetu Asante mgeni hupewa maji kwanza, ndipo huulizwa shida yake. Na kama aliwahi kuja, sharti aeleze kwanza ile shida ya zamani iliishaje. Hata awe nani.

Basi Gavana Thornbury akaja na askari na tarumbeta, kututangazia kwamba mto wetu ni mali ya serikali yake, kwa kuwa aliugundua mwenyewe zamani za uvumbuzi wake. Aliugundua! Mto ambao bibi yangu alikuwa akifulia nguo!

Akanywa maji, akakunjua tangazo.

“Taratibu, mwanangu,” akasema Nana Afrakoma, mama mkuu wa mji. “Kwanza tumalize ile shida iliyokuleta mara ya kwanza.”

“Shida gani?” gavana akafoka.

“Si ulitokea porini peku, unalia umepotea? Tukakulisha ndizi, tukakuambia fuata mto huu mpaka baharini.” Akamtazama kwa huruma. “Masikini! Umepotea tena?”

Tarumbeta ikatoa mlio wa ajabu. Mpigaji alikuwa anachekea ndani yake.